Gari linalia ta-ta-ta: utafute mlio kabla hujafungua injini

Fungua boneti kwenye kijiwe cha mafundi, sema "gari linalia", na utapewa majibu kabla hujamaliza kueleza. Mmoja atasema tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu), mwingine atasema injini imekwisha, wa tatu atakuelekeza kwa mtu anayeuza injini iliyoshushwa kutoka Japani. Hakuna atakayeuliza mlio unaanza saa ngapi. Pesa nyingi za wenye magari zinapotelea hapo. Mlio wa ta-ta-ta unaweza kuwa kokoto iliyonasa kwenye tairi, ambayo utaitoa bure kwa bisibisi, na unaweza kuwa beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) iliyolika, ambayo ni injini nzima kushushwa. Kabla ya kuuliza mlio unatoka wapi, uliza unafuata nini. Kila mlio unaojirudia unafuata kitu kinachojirudia: mzunguko wa injini, mzunguko wa tairi, joto, au umeme unaowaka na kuzima. Ukishakijua kitu hicho, washukiwa wengi wamekwisha kuondoka na hujashika spana.

Nitatumia injini za Toyota za 1NZ na 2NZ kama mfano, kwa sababu barabara zetu zimejaa magari yanayozibeba: IST, Vitz, Probox, Sienta, Corolla Fielder. Utaratibu wenyewe unafaa kwa gari lolote la petroli. Vipimo tu ndivyo vitakavyobadilika.

Taa ya oili kwanza

Kama mlio umekuja pamoja na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, ile yenye umbo la birika linalodondosha tone, acha kusoma na zima injini. Usijiambie utafika nyumbani. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake. Ikiwaka injini ikiwa inazunguka, maana yake huenda chuma kinasugua chuma. Dakika chache za kuendesha hivyo zinatosha kuharibu beringi ambazo asubuhi zilikuwa nzima. Gari livutwe.

Kama taa haijawaka, una nafasi ya kuchunguza taratibu. Tafuta bisibisi ndefu ya chuma, tochi, glovu, mpira wa maji wenye urefu wa mita moja hivi, na simu ya kurekodia. Fanya kazi mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wa petroli una kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Kunja mikono ya shati, funga ushungi vizuri, vua mkufu. Feni ya rejeta inaendeshwa na umeme na inaweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati wowote, hata kama imesimama muda wote uliokuwa ukiiangalia.

Hatua ya 1: Pima oili, kwa uangalifu

Najua kila mtu husema "pima oili". Lakini wengi wanapima vibaya. Egesha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano au zaidi ili oili ishuke kwenye sampu, bakuli la chini la injini. Chomoa kijiti, kifute kabisa kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena ndipo usome. Usomaji wa kwanza, kabla ya kufuta, hauna maana kwa sababu oili imepaka kijiti chote.

Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Ikiwa chini ya alama ya chini, pampu inaweza kuvuta hewa, hasa kwenye kona na mlima, na sehemu za juu za injini, yaani kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na tapeti, ndizo zinazokosa oili mapema. Mlio unaotokea hapo ni mwepesi na mkali, kama cherehani, na unatoka juu. Ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Ikipita alama ya juu nayo ni kosa, kwa sababu kranki (mhimili mkuu wa injini) inaichapa oili mpaka inatoa povu, na povu halisukumi kitu. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta; fundi anayekumiminia galoni nzima ya lita nne bila kupima amezidisha.

Mlio ukiisha baada ya kuongeza, umepata jibu la mlio. Bado una swali la pili: oili imekwenda wapi? Angalia chini ya gari kama inavuja, na angalia moshi wa bluu kwenye eksozi unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko.

Nusa kijiti pia. Oili yenye harufu kali ya petroli imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi. Oili nyeusi nzito kama lami imekaa mno na huenda imeziba njia nyembamba.

Kuna mlio mwingine wa oili ambao watu hubadilishia injini bure: ta-ta-ta inayosikika sekunde mbili tatu tu asubuhi, kisha kimya mpaka kesho. Filta nzuri ina mpira ndani unaozuia oili isirudi chini gari linapolala. Filta ya bei ya kutupa mara nyingi mpira huo ni mgumu au haufungi vizuri, kwa hiyo kila asubuhi injini inaanza bila oili juu. Badilisha filta kwa iliyo bora, subiri siku mbili tatu, usikilize tena asubuhi. Ikiwa mlio wa kuwasha umebaki na unatokea upande wa mkanda, cheni ya taimingi na teneshena yake, yaani kikazio chake, zinaingia kwenye orodha, maana teneshena ya injini hizi inasukumwa na oili.

Hatua ya 2: Mlio unafuata nini?

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uifanye bila haraka.

Gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa, gia ikiwa P au N, acha injini iungurume kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Sikiliza. Kisha mtu akanyage mafuta taratibu mpaka mizunguko 2000 hivi, ashike hapo. Mlio ukiongeza kasi sambamba na injini, ni wa injini au vitu vinavyoendeshwa nayo. Ukibaki kwenye mwendo wake uleule, au ukija na kupotea bila kujali mafuta, huenda ni wa umeme. Usiposikika kabisa gari likiwa limesimama, nenda barabarani.

Tafuta barabara tupu, tambarare. Endesha mpaka mlio usikike, kisha achia mafuta, weka N, liache gari lijiendee lenyewe injini ikiwa bado inawaka. Usizime injini gari likiwa linatembea; utapoteza msaada wa breki na stelingi. Mlio ukiendelea na kupungua kadiri gari linavyopungua mwendo, ingawa injini imerudi kwenye sailensa, unafuata tairi. Ukishuka ghafla pamoja na injini, unafuata injini.

Sasa kuhesabu. Rekodi mlio kwa video ya simu, kisha icheze taratibu. Kamshafti inazunguka nusu ya kasi ya kranki. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 700 kwa dakika, valvu moja inagonga mara 350, karibu mara 6 kwa sekunde. Kitu kinachogonga kila mzunguko wa kranki, mfano bamba lililopasuka linalounganisha injini na gia otomatiki, kitagonga karibu mara 12 kwa sekunde. Sita unaweza kuzihesabu kwenye video iliyopunguzwa kasi; kumi na mbili zinasikika kama mfululizo. Mvujo wa eksozi kwenye silinda moja nao unapiga kwa mwendo wa sita, kwa hiyo hesabu hii peke yake haitenganishi valvu na eksozi. Hatua za mbele zitazitenganisha.

Tairi nalo lina hesabu yake. Tairi la 185/65 R15 linatembea karibu mita 1.9 kila likizunguka. Kwenye kilomita 20 kwa saa linazunguka karibu mara tatu kwa sekunde. Ukisikia tak, tak, tak ya mwendo huo ukiwa unapita taratibu kando ya ukuta huku vioo vimeshushwa, usifungue boneti kabisa.

Hatua ya 3: Ukiwa wa tairi

Anza na nati. Kama gari limetoka kwa fundi pancha juzi na leo linagonga, egesha mara moja ukague nati za tairi hilo. Hili halisubiri. Kwenye Toyota ndogo hizi nati zinakazwa kwa Nm 103. Kama huna spana ya kupimia, tumia ile ya kwenye gari, kaza kwa kuvuka kama unachora nyota, kisha rudia baada ya kutembea kidogo.

Halafu zungusha macho kwenye uso wa tairi zote nne. Kokoto ichokonoe. Msumari uache ulipo mpaka ufike kwa fundi pancha, maana ukiuchomoa njiani upepo unaweza kuisha hapohapo. Kava la rimu lililolegea nalo linagonga. Livue uendeshe bila hilo.

Mlio unaotokea unapokata kona na kukanyaga mafuta kwa wakati mmoja ni wa sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi. Nenda uwanja mpana, kata stelingi mpaka mwisho, zunguka taratibu huku unaongeza mafuta, kisha upande wa pili. Mara nyingi inayolia ni ya upande wa nje wa kona. Ichungulie kwa nyuma ya tairi: mpira wake ukiwa umechanika, utaona grisi nyeusi imerushwa kwenye sehemu ya ndani ya rimu kama mstari. Mpira uliochanika ukiwahi kubadilishwa kabla ya mlio, sivijointi inapona. Ikishaanza kulia, grisi mpya haitaiponya.

Ukigusa breki kidogo na mlio ukabadilika au kukata, angalia pedi, diski na lile bati jembamba nyuma ya diski, ambalo hupinda likikanyagwa na jiwe.

Hatua ya 4: Ukiwa hautii injini wala tairi

Tiki-tiki-tiki ya haraka unapojaribu kuwasha, huku taa za dashibodi zikififia na injini haizunguki, ni betri dhaifu au vichwa vyake vimelegea au vina kutu. Stata inapata umeme wa kuvuta swichi yake ila haipati wa kuzungusha, inaachia, inavuta tena. Safisha vichwa, kaza, chaji betri kabla ya kununua stata.

Tiki ndani ya dashibodi dakika moja baada ya kuwasha au kubadilisha joto la AC ni kimota kinachofungua milango ya hewa. Meno yake ya plastiki yamelika. Inakera, haiharibu kitu.

Tiki nyepesi chini ya boneti injini ikishapata joto, ikija na kuondoka, mara nyingi ni kivalvu cha kuvuta mvuke wa petroli. Ni kidude cha plastiki chenye mipira miwili na soketi ya waya, karibu na njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Kazi yake ni kuufungulia mvuke wa tangi uingie injini uungue badala ya kutoka nje. Kishike kwa vidole viwili. Ukihisi kinadunda sambamba na kile unachosikia, ndicho, na kinafanya kazi yake. Kiache.

Kwa waliofunga gesi, hasa Dar es Salaam ambako magari ya CNG yamekuwa mengi: nozeli (vidude vinavyopuliza mafuta kwenye injini) za gesi zina kelele kuliko za petroli, na zimefungwa mahali ambapo mlio unasafiri mpaka kwenye bodi. Bonyeza swichi urudi kwenye petroli. Mlio ukikata pale pale, umetoka kwenye reli ya gesi. Kama umeongezeka kuliko ulivyokuwa siku ya kufungwa, rudi kwa waliofunga waangalie nozeli na filta ya gesi.

Na ule mlio wa tik… tik… tik baada ya kuzima gari ni bomba la moshi linapoa na kusinyaa. Si ugonjwa.

Hatua ya 5: Baridi au moto

Mlio umebaki, na ni wa injini. Sasa gari lilale usiku mzima. Asubuhi fungua boneti kabla ya kuwasha, mtu mwingine awashe, wewe uwe umesimama mbele.

Ukianza na baridi na kupungua kadiri injini inavyopata joto, washukiwa wakubwa ni gasketi ya manifoldi ya eksozi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye silinda) na pistoni iliyolegea kwenye silinda. Chuma kinapopata moto kinatanuka na kuziba mwanya. Ukianza injini ikishapata joto, fikiria oili iliyokuwa nyepesi mno, pampu ya oili, au beringi. Ukiwa uleule baridi na moto, fikiria tapeti, nozeli au kitu kilicholegea kama bati la kukinga joto.

Hatua ya 6: Sikiliza kwa bisibisi

Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini, mpini uusukume kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Ukisimama hivyo unasikia mambo ambayo masikio hewani hayasikii. Kaa mbali na mkanda na feni.

Anza na nozeli ili masikio yazoee. Kila nozeli inatoa tiki safi, kavu, na zote nne zinafanana. Hiyo ni sauti ya afya. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama D-4 za Toyota na GDI za Mitsubishi, zina tiki kubwa zaidi, na wenye nazo huhangaika bila sababu. Unachotafuta ni nozeli iliyo tofauti na wenzake.

Kisha panda kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Gusa sehemu nne, juu ya kila silinda, upande wa mbele na upande wa nyuma. Kwenye 1NZ na 2NZ hewa inaingia mbele na moshi unatoka nyuma, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Silinda ya kwanza iko upande wa mkanda. Mlio ukiwa mkali sehemu moja na kufifia ukihama sentimita chache, andika silinda ipi na upande upi.

Gusa kifuniko cha cheni upande wa mkanda. Cheni iliyolegea haitoi tiki moja moja, inakwaruza na kutikisika, hasa unapoachia mafuta. Ukiwa na mashine ya kusoma hitilafu na ukakuta P0016, kranki na kamshafti haziendi pamoja inavyotakiwa, na cheni iliyorefuka ni sababu mojawapo.

Malizia na alterneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Gusa sehemu isiyozunguka tu.

Hatua ya 7: Eksozi, mshukiwa ninayemshuku kuliko wote

Kama ningelazimika kukisia bila kuliona gari, kwa gari la umri wa miaka kumi na zaidi linalolia asubuhi na kunyamaza mchana, ningesema mvujo wa eksozi. Na ndio mlio unaosingiziwa tapeti kuliko wowote, kwa sababu moshi unaotoka kwa msukumo kupitia tundu dogo unapiga "ta" kavu kabisa, kwa mwendo uleule wa valvu. Kwenye injini hizi manifoldi imejificha nyuma, na ukuta wa gari unairudisha sauti hiyo mpaka miguuni kwa dereva.

Injini ikiwa ya baridi, ondoa bati la kukinga joto juu ya manifoldi. Boliti zake zina kutu, zipulizie dawa ya kulegeza kutu jana yake. Mulika tochi kwenye mstari ambapo manifoldi inakutana na injini. Mvujo unaacha masizi: mchirizi mweusi mkavu unaoanza kwenye gasketi na kupanuka kuelekea nje. Ukipitisha kidole, kinatoka na unga mweusi usio na mafuta. Ukiwa na mafuta, hiyo ni oili inayovuja kutoka tapeti kava, suala jingine. Hesabu stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoishika manifoldi) na nati. Stadi iliyokatika mara nyingi iko kwenye ncha za manifoldi.

Usipoona masizi, weka mpira wa maji sikioni, ncha nyingine ipitishe taratibu kwenye mstari huo injini ikiwa imewashwa sasa hivi. Mpira unasikia upepo, bisibisi inasikia chuma. Kila kimoja na kazi yake. Mtu pia anaweza kuvaa glovu na kuziba kwa muda mfupi mdomo wa bomba la moshi nyuma kwa kitambaa kizito. Msukumo unaongezeka na mvujo unapiga kelele zaidi.

Usilichukulie kama kelele tu. Mvujo huo uko karibu na njia ya hewa ya kuingia ndani ya gari, na abiria wanaweza kuvuta kaboni monoksaidi. Kichwa kikiuma kila safari, endesha vioo vikiwa wazi na litengeneze wiki hii. Pia hewa ya nje ikinyonywa kwenye tundu hilo inadanganya sensa ya oksijeni, na gari linaweza kula mafuta zaidi. Dawa yake ni gasketi mpya, stadi mpya pale zilipokatika, na fundi aweke rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi kuona kama umepinda. Uliopinda usahihishwe kwa mashine, vinginevyo gasketi mpya itaungua tena.

Ukiwa hapohapo, kagua plagi. Plagi isiyokazwa vizuri inavujisha msukumo wa silinda kwa mlio wa ta-ta-ta mkali, na kisima chake chini ya koili (kidude kinachoipa plagi umeme) kinakuwa cheusi. Koili inayovujisha umeme nayo inatoa tiki. Fungua boneti usiku mahali penye giza, utaiona cheche ya bluu.

Hatua ya 8: Mkanda, kwa muda mfupi

Bado hujapata? Zima, toa mkanda, washa kwa sekunde ishirini au thelathini usikilize, zima. Isizidi dakika moja, kwa sababu kwenye injini hizi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Mlio ukipotea, zungusha kwa mkono puli moja moja: inayokwaruza au kuchezacheza ndiyo. Rudisha mkanda kabla ya kwenda popote.

Hatua ya 9: Zima silinda moja moja

Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya nozeli ya silinda ya kwanza. Washa, sikiliza, zima, rudisha, nenda ya pili. Nasema nozeli, nisiseme koili, kwa sababu ukichomoa koili petroli mbichi inaendelea kumiminika na kuingia kwenye katalisti, kisafisha moshi kwenye eksozi. Taa ya injini itawaka, utaifuta baadaye.

Mlio ukipungua sana ulipoizima silinda fulani, unatokana na nguvu ya mlipuko wa silinda hiyo: beringi ya konrodi, pini ya pistoni, pistoni yenyewe, au mvujo wa eksozi. Mlio usipobadilika kwa silinda yoyote, rudi juu kwenye valvu, maana tapeti haijali kama silinda inalipuka au la.

Ya konrodi ina tabia yake. Ni nzito, iko chini, ni "ko-ko-ko" zaidi kuliko "ta-ta-ta", inakuwa mbaya zaidi injini ikipata joto na inasikika sana unapokanyaga kidogo na kuachia. Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, kata filta, ikunjue karatasi yake juani. Vipande vinavyometameta ambavyo sumaku haivinyanyui mara nyingi vinatoka kwenye beringi. Ukiviona, gari lisitembee tena. Kulivuta ni gharama, ila konrodi ikitoboa bloku hakutabaki kitu cha kutengeneza.

Hatua ya 10: Sasa ndiyo tapeti

Imekuja mwisho kwa makusudi. Injini za 1NZ na 2NZ hazina tapeti za kujirekebisha kwa oili. Zina vikombe vya chuma vyenye unene maalumu, na mwanya unabadilishwa kwa kubadilisha kikombe, kazi inayotaka kamshafti zitolewe. Kwa hiyo fundi anayekuambia "naseti tapeti dakika kumi" kwenye IST hajawahi kuifungua.

Kupima ni rahisi. Injini iwe ya baridi kabisa, tapeti kava ifunguliwe, kranki izungushwe kwa spana, na fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ipitishwe kati ya kamu (nundu ya kamshafti) na kikombe pale kamu ilipogeuzia mgongo wake. Valvu za hewa zinatakiwa kuwa na mwanya kati ya milimita 0.15 na 0.25, za moshi kati ya 0.25 na 0.35. Omba fundi aandike namba zote kumi na sita kwenye karatasi. Zote zikiwa ndani ya kipimo, tapeti zimeachiwa huru na mnaendelea kutafuta kwingine.

Ikiwa moja imezidi kidogo, kwa mfano 0.28 upande wa hewa, unaweza kuendelea kutumia gari huku ukitafuta kikombe sahihi. Iliyobana inanitia wasiwasi zaidi ya inayolia. Valvu ya moshi isiyo na mwanya haifungi sawasawa, haipoi, na itaungua kimyakimya bila kukupa mlio wowote. Magari ya gesi yapimwe mara kwa mara zaidi, maana gesi ni kavu na viti vya valvu vinalika haraka, na kadiri vinavyolika mwanya unapungua.

Ukifika kwa fundi

Mpe maneno haya, na video: "Fundi, mlio unaanza asubuhi, unafuata injini, uko upande wa nyuma silinda ya tatu, ukizima silinda hiyo unapungua." Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia nusu siku. Atakayekukatiza na kusema injini imekufa, mshukuru na uondoke.

Atakayependekeza oili nzito ya 20W-50 ili kuua mlio, kataa. Injini hizi zimetengenezewa oili nyepesi kama 5W-30. Oili nzito inafunika sauti kwa kuwa inajaza mianya, lakini asubuhi inachelewa kufika juu, na mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, una kichujio chembamba na njia nyembamba zinazohitaji oili inayokimbia. Mlio utapungua, ulikaji utaendelea, na utakuja kuusikia tena ukiwa umekuwa wa bei kubwa.

Kazi ikiisha, omba spea za zamani uondoke nazo. Na kama mlio ulikuwa wa asubuhi, usilipie salio lote jioni injini ikiwa ya moto. Gari lilale gereji, liwashwe kesho yake mbele yako na fundi akiwepo, boneti ikiwa wazi.